Mbwa Mwenye Saratani: Jinsi ya Kutumia Mitishamba na Tiba Asilia Bila Kumdhuru

Maswali ni yale yale kila mara. Manjano yanayeyusha uvimbe? Nimpe kiasi gani? Naweza kuyachanganya na dawa za daktari? Majibu kwa ufupi: hapana, inategemea uzito wake, na wakati mwingine ni hatari.

Hakuna mmea, uyoga wala mafuta yaliyothibitishwa kuponya saratani ya mbwa. Ukikubali hilo mapema, utaacha kukimbiza miujiza na utaona mahali ambapo tiba asilia inasaidia kweli: kichefuchefu, hamu ya kula, kinyesi, ini linaloelemewa na dawa, na kidonda kilichochimbika juu ya uvimbe. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo.

Andaa hivi kwanza

- Majibu ya kipimo yenye jina la saratani. "Ana uvimbe" haitoshi.
- Mizani ya watu. Mbebe mbwa mjipime pamoja, kisha toa uzito wako. Asiyebebeka akapimwe kliniki.
- Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, na vijiko vya kupimia. Vijiko vya mezani hutofautiana sana.
- Kipimajoto cha dijitali cha kutumia kwenye njia ya haja kubwa, pamoja na mafuta ya kulainisha.
- Bomba mbili za sindano zisizo na sindano: ya mililita 5 ya kunyweshea na ya mililita 20 ya kuoshea kidonda.
- Kola ya kumzuia asijilambe.
- Daftari. Hiki ndicho kifaa watu wanachokidharau kuliko vyote, na ndicho kitakachokuambia kama dawa inafanya kazi.
- Daktari wa mifugo anayejua kila kitu unachompa mbwa wako, hata "majani tu".

Hatua ya 1: Jua ni saratani gani

Mara nyingi daktari huanza kwa kuchoma uvimbe kwa sindano nyembamba, kuvuta seli na kuziangalia kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache na kwa kawaida haihitaji nusu kaputi. Usinunue mmea wowote kabla ya hapo, kwa sababu aina ya saratani ndiyo inayoamua kipi ni salama.

Hemanjiosakoma, saratani ya mishipa ya damu ambayo mara nyingi huanzia kwenye wengu au moyo, huvuja damu ndani ya mwili. Mbwa wa aina hii hapaswi kupewa chochote kinachopunguza uwezo wa damu kuganda, na orodha hiyo inajumuisha manjano, tangawizi na mafuta ya samaki kwa wingi. Uvimbe wa seli masti, unaopenda kutokea kwenye ngozi, hubeba histamini na hepari. Ukiubinyabinya au kuukanda dawa, humwaga kemikali hizo: ngozi inavimba, mbwa anatapika, na tumbo linaweza kupata vidonda. Kwa hiyo hapo hakuna kukanda, kubandika majani wala kukamua.

Kama bado unasubiri majibu, fanya hatua ya 2 hadi ya 4 tu.

Hatua ya 2: Andika hali yake kwa siku saba kabla ya kumpa chochote

Kila siku andika: amekula sehemu gani ya chakula (chote, nusu, robo), ametapika mara ngapi, kinyesi kikoje, amelala vizuri, ametaka kutembea. Uzito pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, kabla hajala.

Ongeza vipimo vitatu:

1. *Pumzi akiwa amelala usingizi mzito.* Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Zikiwa zaidi ya 30 kwa dakika, na zinarudia hivyo, mpigie daktari.
2. *Fizi.* Ziwe na rangi ya waridi na unyevu. Bonyeza kwa kidole, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. (Mbwa mwenye fizi nyeusi kwa asili mwangalie ndani ya kope la chini.)
3. *Joto.* Kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi.

Wiki hii inaonekana kama kupoteza muda. Lakini usipojua alikuwa anatapika mara ngapi kabla ya tangawizi, utajuaje kama tangawizi imesaidia?

Hatua ya 3: Ondoa vinavyodhuru

"Asili" si sawa na "salama". Mwili wa mbwa hausagi vitu kama wetu, na vingi vinavyosifiwa kwa binadamu humuumiza.

- *Kitunguu maji na kitunguu saumu*, vibichi, vilivyopikwa au vya unga. Huvunja chembe nyekundu za damu. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinatosha kuharibu damu, na kitunguu saumu ni kikali zaidi gramu kwa gramu. Mbwa mwenye saratani mara nyingi tayari ana upungufu wa damu.
- *Kokwa za aprikoti*, zinazouzwa kama "vitamini B17". Si vitamini. Zikisagwa tumboni hutoa sianidi.
- *Malhamu nyeusi za "kung'oa" uvimbe*, zenye kloridi ya zinki au mmea wa Sanguinaria. Zinaunguza nyama nzima pamoja na mbovu, zinaacha shimo, na seli za saratani hubaki chini ya kovu. Katika vitu vyote vinavyotangazwa, hivi ndivyo vinavyostahili kutupwa kwanza.
- *Utomvu wa njano wa mshubiri*, ulio chini ya ganda la jani. Huleta kuhara kukali.
- *Mafuta makali ya mimea*, hasa ya mti wa chai. Hata yakipakwa kwenye ngozi yanaweza kumletea mbwa udhaifu na mtetemeko.
- *Bangi yenye THC*, kemikali yake inayolevya. Mbwa hulewa kwa kiasi kidogo mno: anapepesuka, anavuja mkojo, wengine huzirai.
- *Zabibu, makadamia, chokoleti, na chochote chenye zailitoli.* Zailitoli ni kitamu kinachowekwa badala ya sukari. Baadhi ya siagi za karanga zina zailitoli, na watu huzitumia kufichia vidonge. Soma lebo.

Dawa za maumivu za binadamu si mitishamba, lakini lazima zitajwe: ibuprofeni hutoboa tumbo na kuua figo za mbwa.

Hatua ya 4: Chakula kabla ya mitishamba

Mbwa wengi wenye saratani hudhoofika kwa kutokula, na hakuna mzizi utakaofidia hilo. Kadirio la nishati ya msingi kwa siku kwa mbwa wa kilo 2 hadi 45 ni hili: uzito kwa kilo × 30, ongeza 70. Mbwa wa kilo 10 anahitaji kilokalori 370. Wa kilo 20, 670. Wa kilo 30, 970. Hiki ni kiasi cha mbwa aliyelala tu. Anayetembea anahitaji zaidi, kwa hiyo akishuka chini ya hapo siku mbili mfululizo, kuna tatizo.

1. Gawa chakula mara nne kwa siku badala ya mbili.
2. Kipashe kiwe vuguvugu kama joto la mwili. Harufu ndiyo inayofungua hamu. Koroga vizuri na ujaribu kwa kidole kusiwe na sehemu ya moto.
3. Mpe nyama iliyoiva. Nyama mbichi hubeba salmonela, na mbwa anayepewa tibakemikali (dawa za hospitali za kuua seli za saratani) hana kinga ya kuikabili.
4. Akipungua asilimia 10 ya uzito wake wa mwanzo, usisubiri miadi.

Kumnyima wanga kabisa "ili kuinyima saratani sukari" ni nadharia inayopendwa sana, ila haijathibitishwa kwamba inarefusha maisha. Mbwa anayekubali kula wali na kuku na kukataa kila kitu kingine, mpe wali na kuku.

Hatua ya 5: Chagua tiba moja, kwa tatizo moja

Usianze na saratani. Anza na kinachomsumbua leo.

*Kichefuchefu: tangawizi.* Dalili ni kulamba midomo, mate mengi, kunusa chakula na kugeuka. Saga tangawizi mbichi laini. Mbwa wa chini ya kilo 15 apewe robo ya kijiko cha chai, mkubwa zaidi nusu kijiko, nusu saa kabla ya chakula, katika kipande kidogo cha nyama. Usimpe kama uvimbe wake unavuja damu au kama chembe za kugandisha damu ziko chini. Kama ametapika zaidi ya mara tatu kwa siku, tangawizi si jibu. Anahitaji dawa ya hospitali.

*Kuhara au choo kigumu: boga.* Lichemshe au kulipika kwa mvuke, bila chumvi, sukari wala viungo, uliponde. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila kilo 10, mara mbili kwa siku. Nyuzi zake hufyonza maji yaliyozidi, na kwa choo kigumu hulainisha. Ndiyo tiba rahisi kuliko zote hapa, na labda ndiyo isiyokosea.

*Kukonda: mafuta ya samaki.* Angalau yana ushahidi kidogo: katika utafiti wa mwaka 2000 kwa mbwa 32 wenye limfoma (saratani ya tezi za limfu) waliopewa doksorubisini, dawa ya tibakemikali, waliokuwa katika hatua ya tatu ya ugonjwa na wenye DHA (mafuta ya omega-3) nyingi zaidi katika damu walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Tazama lebo, jumlisha EPA (omega-3 nyingine) na DHA; namba kubwa ya mbele ni mafuta yote. Kapsuli ya kawaida ya miligramu 1000 ina takriban 300 tu za EPA na DHA. Mbwa wa kilo 10 aanze na kapsuli moja kwa siku, akae wiki, kisha mbili. Kikomo cha juu cha EPA na DHA kwa siku ni takriban miligramu 2000 kwa kilo 10, 3500 kwa kilo 20, na 4700 kwa kilo 30. Hicho ni kikomo, hulazimiki kukifikia. Usichanganye na mafuta ya *ini* la samaki, maana yana vitamini A na D zinazorundikana mwilini. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho asipewe bila ruhusa ya daktari.

*Ini linalochoshwa na dawa: silimarini*, dondoo la mbegu za mbigili wa maziwa. Mbwa wanaopewa lomustini, dawa nyingine ya tibakemikali, mara nyingi hupanda vimeng'enya vya ini, na utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mchanganyiko wa silibini (sehemu kuu ya silimarini) na SAMe (kirutubisho cha ini) hupunguza kupanda huko. Nguvu ya bidhaa hizi inatofautiana mno, hivyo kipimo kipangwe na daktari kwa kutazama chupa uliyonayo na majibu ya damu.

*Manjano.* Ukitaka kuyatumia, na mbwa wako hayuko kwenye tibakemikali wala havuji damu, fanya hivi:

1. Weka sufuriani nusu kikombe cha unga wa manjano na kikombe kimoja cha maji (mililita 250).
2. Koroga kwa moto mdogo dakika 7 hadi 10 mpaka iwe nzito. Ikikauka mno ongeza maji kidogo.
3. Epua. Ikipoa kidogo tia robo kikombe cha mafuta ya nazi au zeituni na kijiko kimoja na nusu cha chai cha pilipili manga iliyosagwa papo hapo.
4. Hifadhi kwenye friji, wiki mbili zisizidi.
5. Mbwa wa kilo 10: robo ya kijiko cha chai pamoja na chakula, mara moja kwa siku. Baada ya wiki bila kuhara, mara mbili.

Manjano peke yake hayafyonzwi vizuri. Mafuta husaidia kuyayeyusha, na pilipili manga huzuia ini lisiyavunje haraka. Hapo ndipo penye hatari: ini hilo hilo ndilo linalovunja dawa za saratani, na likizuiwa, dawa inaweza kubaki mwilini kwa kiwango cha sumu. Mbwa mwenye mawe au kuziba kwa nyongo asipewe. (Na weka kitanda chake mbali na vitambaa vyeupe.)

*Uyoga Trametes versicolor.* Huu ndio unaoulizwa zaidi. Mwaka 2012 utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa mbwa 15 wenye hemanjiosakoma ya wengu ulileta matumaini: kundi lililopewa dondoo lake miligramu 100 kwa kilo kwa siku lilikuwa na wastani wa siku 199 za kuishi. Lakini kila kundi lilikuwa na mbwa wachache sana. Utafiti mkubwa zaidi, wa mbwa 101, ulitoka mwaka 2022 na haukuonyesha kwamba dondoo hilo linarefusha maisha zaidi ya doksorubisini. Matangazo yanataja wa kwanza tu. Kama utaununua hata hivyo, tafuta uliokamuliwa kwa maji ya moto, kwa kuwa kuta za seli za uyoga mbichi ni ngumu na tumbo halizivunji. Usichume porini.

*Yunnan Baiyao*, unga wa mitishamba ya Kichina wa kuzuia damu, madaktari wengi huutoa kwa hemanjiosakoma. Hakuna ushahidi thabiti kwamba hurefusha maisha. Kidonge kidogo chekundu kilichomo kwenye pakiti huwekwa kwa ajili ya kutokwa na damu kwingi, hakipewi kila siku. Na mbwa aliyeanguka ghafla, fizi nyeupe, tumbo limejaa, hapewi kapsuli: anakimbizwa hospitali.

Hatua ya 6: Anza kwa robo

1. Siku 1 hadi 3, robo ya kipimo.
2. Siku 4 hadi 7, nusu.
3. Wiki ya pili, kipimo kamili kama daftari halionyeshi kuhara, kutapika wala kukataa chakula.
4. Tiba ya pili isiingie kabla ya siku 14 kutimia.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kumwaga vitu sita kwenye bakuli siku ile ile. Mbwa anaharisha, hujui ni nini, unaacha vyote, pamoja na kilichokuwa kinasaidia. La pili ni kuchanganya dawa chungu kwenye chakula chote. Akikichukia chakula hicho umepoteza mlo na dawa kwa pamoja, kwa hiyo weka dawa kwenye tonge moja dogo, kisha mpe safi.

Hatua ya 7: Kidonda kilichopasuka juu ya uvimbe

Hakitafunga kwa kuwa uvimbe uko chini yake. Unachotafuta ni kisinuke, kisiume na kisiingie funza. Kama ni uvimbe wa seli masti, ruka hatua hii na umwachie daktari.

1. Chemsha maji mililita 500, tia gramu 4.5 za chumvi (robo tatu ya kijiko cha chai). Acha yawe vuguvugu.
2. Vuta kwa bomba la mililita 20, osha kidonda kwa mkondo mpole mpaka maji yatoke masafi.
3. Kausha kwa kugusagusa na shashi. Usisugue.
4. Paka asali ya kitabibu iliyosafishwa vijidudu, unene wa milimita 2 hadi 3. Asali ya jikoni inaweza kubeba vijidudu visivyotakiwa kidondani.
5. Funika kwa shashi isiyoganda, funga bendeji isiyobana. Vidole viwili vipite chini yake.
6. Mvalishe kola. Badilisha kila siku, au mara bendeji ikilowa.

Usitumie haidrojeni peroksaidi. Inaunguza nyama inayojaribu kupona. Krimu zenye zinki akizilamba humpa sumu.

Hatua ya 8: Panga mitishamba kuzunguka hospitali

Upasuaji: acha manjano, tangawizi, uyoga na mafuta ya samaki wiki mbili kabla, isipokuwa daktari aseme vingine. Tibakemikali: mwonyeshe daktari orodha yako kabla ya kila dozi. Kati ya siku ya 5 na ya 10 baada ya dozi chembe nyeupe huwa chini, kwa hiyo pima joto asubuhi na jioni. Likizidi 39.4, ni dharura hata kama anaonekana mchangamfu. Mionzi: simamisha vidonge vya kuzuia oksidesheni na dondoo za pakanga mpaka uulize, kwani zinaweza kugongana na tiba yenyewe.

Hatua ya 9: Pima hali yake kila wiki

Dkt. Alice Villalobos, daktari wa mifugo wa Marekani, alitengeneza kipimo cha mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila moja lipe alama 0 hadi 10. Jumla ya zaidi ya 35 inaonyesha maisha bado yanavumilika. Watu wawili wa nyumbani wapime kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Anayemlisha kila siku mara nyingi hutoa alama za juu mno. Mitishamba isitumike kusogeza mbele mazungumzo ambayo namba hizi zinayataka.

Mambo yakienda kombo

*Anaharisha tangu mafuta ya samaki.* Acha siku mbili, rudi kwa nusu ya kipimo. Nusa kapsuli iliyopasuliwa: ikinuka rangi ya kupaka au samaki aliyeoza, mafuta yamechacha, tupa chupa.

*Kinyesi ni cheusi na kinanata kama lami.* Hiyo ni damu iliyosagwa kutoka juu ya utumbo. Simamisha mitishamba yote, mpeleke siku hiyo hiyo. (Kinyesi cha njano baada ya manjano ni rangi tu.)

*Macho na fizi zimekuwa njano.* Usidhani ni manjano ya unga. Ni ini, nyongo, au damu inayovunjika. Hospitali, na beba chupa zote.

*Anakimbia akiona bomba la dawa.* Ingiza ncha pembeni, kati ya shavu na meno, sukuma mililita moja moja, kichwa kikiwa sawa. Ukikiinua juu, dawa inaweza kuingia mapafuni. Akiendelea kupambana, acha dawa hiyo. Hakuna hata moja kwenye mwongozo huu iliyo ya lazima.

*Wiki tatu, hakuna mabadiliko.* Fungua daftari, linganisha na ile wiki ya kwanza. Kama namba ni zile zile, iache tiba hiyo na uachane na gharama yake. Usiongeze kipimo kwa matumaini.

*Alikuwa vizuri, ghafla amelegea, anahema, fizi zimepauka.* Usimpe kitu mdomoni. Mlaze kwenye blanketi kama machela, mbebe bila kumbana tumbo, na ipigie kliniki mkiwa njiani ili wamtayarishie nafasi.